Safari ya Kwanza ya Mtoto Mchanga kwa Ndege: Entebbe Hadi Nairobi

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wao hawakuwahi kupanda ndege, lakini mzazi yeyote aliyekwisha kuketi katika kiti chembamba juu ya Ziwa Victoria, amempakata mtoto anayelia na asiyeweza kueleza kinachomliza, atakiri kwamba neno lao halikukosea. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wazazi wanaotazamia kusafiri na mtoto kwa mara ya kwanza mambo yapasayo kutayarishwa, pamoja na sababu zake. Mengi nilikuwa nimeyasoma kabla ya safari. Yaliyosalia nilifundishwa na binti yangu wa miezi 10, wala mafunzo yake hayakuwa ya upole.

SABABU YA SAFARI

Mama mkwe wangu anaishi Kibera, mjini Nairobi. Yeye ni miongoni mwa Wanubi, uzao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles na kupewa makazi mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Ndugu zao wengine ni wenyeji wa Bombo, kaskazini ya Kampala, na huko ndiko nilikokutana na mke wangu alipokuja kukaa kwa shangazi yake.

Kwa miaka kadhaa mama huyo amekuwa akiugua glakoma. Huu ni ugonjwa ambao aghalabu shinikizo ndani ya jicho huzidi kiasi, likauharibu polepole mshipa wa fahamu unaopeleka habari za macho kwenye ubongo. Dawa na upasuaji huweza kuuzuia usiendelee, lakini nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika. La kulia lilikuwa likiona katikati tu, mfano wa mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo.

Jioni moja alinipigia simu mimi mwenyewe, jambo ambalo si desturi yake. "Mwanangu," alisema, "sauti ya mjukuu wangu naisikia kila siku. Sasa nataka sura, maadamu bado ninalo jicho la kuitazamia."

Maneno hayo hayakuhitaji jibu la mdomo. Kutoka Kampala hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 650 kwa barabara, na basi huchukua saa 12 au zaidi, pamoja na kushuka mpakani Busia au Malaba usiku wa manane. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na dakika chache. Tukaamua kwenda kwa ndege, na mabati ya nyumba tunayoijenga yakangoja.

HATI KABLA YA NEPI

Nilidhani, kama wadhanivyo wengi, kuwa mtoto wa kunyonya husafiri kwa hati za mama yake. Nilikuwa na hoja. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi, mzoefu wa kukagua orodha, sikuliuliza: "Na mtoto, kitambulisho chake kiko wapi?" Kadi hiyo hupewa mtu aliyekwisha kutimiza miaka 16. Ilipasa kupata cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha pasipoti yake mwenyewe.

Ndugu msomaji, usiipuuze kazi ya kumpiga picha ya pasipoti mtoto ambaye hajui kusimama. Sharti macho yawe wazi, uso utazame mbele, na nyuma pawe peupe pasipo mkono wa mtu. Binti yetu alitazama dari, kisha kamera, kisha akafumba macho na kulia. Tulitoka tukiwa tumelowa jasho, na katika picha iliyokubaliwa ana sura ya mtu aliyedhulumiwa.

Ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, inafaa kubeba barua ya ridhaa ya yule anayebaki, kwa kuwa maofisa wa uhamiaji wanayo haki ya kuiuliza. Aidha, mtoto asiyetimiza miaka 2 husafiri mapajani mwa mzazi, na mashirika mengi humtoza kiasi cha asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Lakini jina lake lazima liandikwe katika tiketi. Usifike uwanjani ukitumaini kwamba mtoto ataonewa huruma kwa udogo wake.

AFYA NA UMRI

Mashirika ya ndege huweka masharti yao kuhusu umri. Mengi hukubali mtoto aliyetimiza wiki moja au mbili, ila matabibu hushauri kungoja wiki kadhaa, mwili wake upate nguvu. Sisi tulikuwa na sababu ya kungoja zaidi. Afikishapo miezi 9 mtoto hupata chanjo ya surua na rubela, na katika Uganda chanjo ya homa ya manjano iliingizwa katika ratiba ya kawaida mwaka 2022. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na hutumika maisha yote. Ijapokuwa kwa kawaida watoto wasiotimiza mwaka mmoja hawadaiwi cheti hicho mpakani, tuliona ni heri awe na kinga mwilini kuliko ruhusa katika karatasi.

Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya kupanda ndege. Vilevile, asipewe dawa ya kumlaza usingizi kwa ushauri wa jirani. Dawa hizo zaweza kumletea mtoto mchanga taabu ya kupumua, na nyingine humfanya awe macho zaidi kuliko awali.

Kuhusu chakula, sheria ya vimiminika vya mililita 100 haimbani mtoto kama inavyombana mtu mzima. Maziwa ya mama, maziwa ya kopo, maji yaliyochemshwa na uji wa mtoto huruhusiwa kwa kiasi kinachotosha safari, mradi mzazi avitoe na kuvionyesha kwenye ukaguzi. Sisi tulibeba chupa ya uji wa wimbi, nepi za kutosha mara mbili ya tulizodhani zingehitajika, na nguo za kubadilisha za watu watatu. Naomba izingatiwe kuwa nimesema watatu. Mtoto akitapika, hatapiki juu yake peke yake.

MASIKIO YA MTOTO

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Ndege ya abiria huruka katika mita 10,000 au zaidi, mahali ambapo hewa ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Kwa hiyo hewa ndani ya ndege hushindiliwa, lakini haishindiliwi ikawa sawa na ya nchi kavu tuliyoizoea. Huwekwa kiasi cha hewa ya mlima usiozidi mita 2,400. Ndege ipandapo, hewa inayotuzunguka hupungua nguvu. Ishukapo, nguvu hiyo hurudi.

Nyuma ya ngoma ya sikio mna chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Mrija huo hufunguka tunapomeza au kupiga miayo, na hapo hewa ya pande mbili za ngoma husawazika. Usipofunguka, hewa ya nje huisukuma ngoma kwa ndani, na hayo ndiyo maumivu tunayoyasikia. Katika mtoto mchanga mrija huu ni mfupi na mwembamba zaidi. Wala yeye hajui kwamba akimeza atapata nafuu. Lazima ameze kwa sababu nyingine, yaani kwa kunyonya.

Wakati wa hatari zaidi ni wa kushuka, na kushuka huanza mapema kuliko abiria wengi wanavyodhani, dakika 20 hadi 30 kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Entebbe ni mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Nairobi ni zaidi ya mita 1,600. Mtoto anayeshuka Nairobi anatoka katika hewa ya mlima na kuingia katika hewa ya mlima mfupi kidogo. Anayeshuka Mombasa au Dar es Salaam hushuka hadi usawa wa bahari, na masikio yake hustahimili badiliko kubwa zaidi. Kwa hiyo njia ya Entebbe na Nairobi ni mwanzo mwema wa mtoto angani.

Hayo yote niliyajua. Sasa nieleze nilivyoyatumia.

ANGANI

Tuliruka alasiri. Mhudumu alitupa mkanda mdogo wa mtoto, unaopitishwa katika mkanda wa mzazi. Kumfunga mtoto na mzazi ndani ya mkanda mmoja ni kosa, kwa kuwa ndege ikisimama ghafla uzito wa mzazi humkandamiza mtoto. Katika ndege nyingi pia haifai watoto wawili wa kupakatwa kukaa upande mmoja wa safu moja, kwani barakoa ya oksijeni ya ziada huwa ni moja.

Tulipopaa, mke wangu alimnyonyesha, na mtoto hakutoa sauti. Ziwa lilikuwa chini yetu, jeupe kwa jua, lenye visiwa kama vipande vya ugali vilivyoanguka mezani. Kisha akalala. Nikampokea na kumlaza kifuani, nikaona kwamba kazi imekwisha.

Tulipokaribia Bonde la Ufa, sauti ya injini ilipungua, nikajua tunaanza kushuka. Mke wangu aliniambia, "Baba, nipe nimwamshe anyonye." Nikamjibu kuwa mtoto aliyelala haamshwi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na zaidi ya hayo niliutaka ule ukimya. Alinitazama, asijibu.

Baada ya dakika chache mtoto aliamka mwenyewe. Sijapata kumsikia akilia vile. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha usingizi. Alijikunja, akajishika kichwa, na macho yake yakanielekea mimi niliyempakata, kana kwamba mimi ndiye nimtendaye. Sasa akawa ana uchungu mwingi mno hata asikubali ziwa. Bwana mmoja wa safu ya mbele aligeuka na kufyonza. Bibi mzee wa ng'ambo ya njia alisema kwa utulivu, "Ni masikio, wanangu. Mpeni hata kidole chenye maji." Mke wangu alichovya kidole katika maji yaliyochemshwa, akakitia kinywani mwa mtoto. Akanyonya kidole, akameza, akalia, akameza tena. Hatimaye akalishika ziwa. Tulipotua alikuwa anahema kwa kwikwi, na shati langu limelowa machozi yake.

Ndugu msomaji, kujua si kutenda. Nilikuwa nimesoma habari za ule mrija, na nilikuwa na dakika 25 za kuutumia ujuzi huo. Niliuacha kwa sababu nilipenda kustarehe. Mtoto aamshwe kabla ya ndege kushuka, anyonye au apewe chupa kidogo kidogo hadi ndege itue. Afadhali anung'unike kwa kuamshwa kuliko apige yowe kwa maumivu.

RATIBA NA JIJI

Nairobi ni mji uliozaliwa na reli. Mafundi walifikisha njia ya reli hapo mwaka 1899, na mahali palipokuwa bwawa la maji baridi pakageuka kuwa kambi, kisha mji mkuu. Mgeni ana mengi ya kutazama: Makumbusho ya Taifa, Makumbusho ya Reli, Hifadhi ya Taifa iliyotengwa mwaka 1946 ambamo simba hukaa mkabala wa maghorofa, na kituo cha twiga huko Lang'ata.

Nilikuwa nimeandika ratiba kwa namna tuliyofundishwa katika shule ya makadeti: saa, mahali, njia na mhusika. Ijumaa jioni ilikuwa ya kumwona mama. Jumamosi na Jumapili zilikuwa na vituo 5, kuanzia saa tatu asubuhi. Nilijivunia karatasi ile.

Msongamano wa magari ulitufikisha Kibera usiku umekwisha kuingia. Kigari cha mtoto, ambacho niliazima kwa rafiki, hakikuweza kupita katika vichochoro, nikakibeba begani pamoja na mizigo. Umeme ulikuwa umekatika mtaani. Mama alitupokea mlangoni kwa mikono, akampapasa mtoto kichwa hadi miguu, kisha akasogeza taa ya betri karibu na uso wake. Tulingoja.

"Sioni," alisema. "Mwanga mdogo ni adui yangu. Tumngoje jua."

Usiku ulikuwa wa baridi. Ilikuwa Julai, mwezi ambao joto la usiku mjini Nairobi mara nyingi hushuka hadi nyuzi 12 za Selsiasi au chini ya hapo, na mtoto wa Entebbe hajazoea. Mzazi anayekwenda huko miezi ya Juni hadi Agosti abebe nguo nyepesi nyingi za kuvishana juu kwa juu, ziongezwe na kupunguzwa, badala ya koti moja zito. Binti yetu aliamka saa saba, saa tisa na saa kumi na moja. Alfajiri mama alipomaliza kusali, mtoto ndipo aliposhikwa na usingizi wa kweli.

Saa mbili jua liliingia uani. Ua ule ni mdogo, na kufika saa tano kivuli cha nyumba ya jirani huufunika wote. Mama alikuwa amekwisha kuketi juu ya mkeka, ameukabili ukuta mweupe. Mimi nilitazama saa, nikatazama ratiba, nikakumbuka yaliyotupata angani. Nikasema, "Mama, nimwamshe?"

"Usimwamshe," alijibu. "Ametoka mbali. Nimengoja miezi 10, nitashindwa kungoja asubuhi moja?"

Saa tatu ilipita. Saa tatu na nusu. Niliuona mpaka wa kivuli ukitambaa juu ya udongo kuelekea mkeka. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, sikuitoa tena. Saa nne na robo tukasikia sauti ndani, si ya kulia bali ya mtoto anayezungumza na vidole vyake. Mke wangu alimnyonyesha, akamleta nje na kumweka mapajani pa bibi yake, uso kwenye jua.

Mtu mwenye glakoma iliyokomaa haoni uso mzima kwa mara moja. Mama alimtazama mjukuu wake kipande kwa kipande, akikigeuza kichwa chake mwenyewe taratibu: paji la uso, jicho moja, jicho la pili, pua, kinywa. Alichukua muda mrefu. Mtoto naye alitulia, amezishika pindo za leso ya bibi. Hatimaye mama akasema, "Paji hili ni la marehemu babu yake. Kinywa ni cha mama yake." Akasita, akasogea karibu zaidi. "Lakini masikio haya si ya kwetu. Haya ni yako, mwanangu."

Tulicheka, na mimi nilicheka kwa shida.

Kati ya vituo 5 vya ratiba tulifika viwili. Jumamosi alasiri tulikwenda katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ambako mtoto alitambaa juu ya majani na kuwatazama nyani wadogo kwa kicho. Jumapili tuliwaona twiga wa Lang'ata kwa muda wa saa moja. Kigari kilibaki nyumbani. Mama alitoa leso yake moja ikawa mbeleko, na mtoto alizunguka jiji akiwa mgongoni mwa mama yake, mahali anapopajua kuliko hoteli yoyote.

USHAURI KWA WAZAZI

Tuliporudi Entebbe tulimwamsha mapema, akanyonya tangu injini zilipopunguza sauti hadi tulipotua. Hakulia hata mara moja. Yule anayesema kuwa watoto hawawezi kusafiri kwa ndege anakosea. Wanaweza, ikiwa wazazi wanajua wakati wa kuwaamsha na wakati wa kuwaacha walale.

Kwa ufupi, wazazi wazingatie haya. Hati zishughulikiwe miezi kabla ya safari, si wiki. Mtoto awe mzima na mwenye chanjo za umri wake. Anyonye ndege ipaapo, na hasa ishukapo, hata kama amelala. Akiwa garini mjini, akae katika kiti cha mtoto kilichofungwa vizuri kila kinapopatikana, kwa kuwa mikono ya mzazi haina nguvu ya kumzuia katika ajali. Jijini, mpango uwe wa mahali pamoja kwa siku, na siku ianze mtoto anapoamka. Na ikiwa kuna mzee anayengoja kumwona mtoto huyo, asiwekwe mwisho wa ratiba, wala asifikiwe usiku.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu tena. Daktari amemwongezea dawa ya matone, na jicho la kulia linashikilia lilipo. Aliuliza kama mjukuu ameanza kusimama. Nikamwambia anasimama kwa kushika kiti, na kwamba mabati yangali yanangoja, kwa kuwa Desemba tunatarajia kupanda ndege tena.